Mtaa umeingia nuksi na nyumba imeshuka bei, je IRS watanifidia?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Houston, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba 2021 kwa dola 310,000. Mwaka jana nyumba ya tatu kutoka kwetu kulitokea mauaji, yakaenda mpaka TV za taifa, wakaja na watu wa podikasti, na hadi leo wikiendi magari yanapita mdogomdogo watu wanapiga picha. Jirani yetu mwenye nyumba sawasawa na yetu kauza kwa 262,000. Kuna jamaa huwa anatufailia ritani (fomu za kodi za mwaka), anasema tuandike hasara ya 60,000 tutapata rifandi kubwa, yaani turudishiwe kodi. Inawezekana kweli? Na kama haiwezekani tufanyeje, maana mume wangu anataka tuhame tuipangishe."

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Kuishi mtaa ambao wageni wanakuja kuutalii kwa sababu ya msiba wa watu inachosha, achilia mbali hiyo bei.

Nianze na jibu ili usije ukakaa na presha mpaka mwisho: hapana, hiyo hasara haikatwi kwenye kodi ya federali, ile ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), sio 60,000, sio 48,000 (310,000 mkitoa 262,000 ya jirani), sio dola moja. Na huyo jamaa yenu naomba msimpe karatasi zenu tena mpaka umalize kusoma hapa. Ila kuna sehemu nyingine kabisa ambako hiyo hiyo hoja yako ya mtaa kuingia nuksi inasikilizwa, na watu wengi hawaigusi, kwa hiyo usikate tamaa.

Kwanza hili swali lako limeshaulizwa zamani tena na watu wenye hela kuliko mimi na wewe. Unaikumbuka kesi ya O.J. Simpson? Tarehe 12 Juni 1994 mke wake wa zamani na kijana mmoja waliuawa Los Angeles, Simpson akashtakiwa, na mtaa wake wa Brentwood Park ukageuka kama stendi ya basi, helikopta juu, magari ya TV chini, polisi wanafunga barabara, watu wa mbali wanakuja kuchungulia geti. Sasa kuna mke na mume walikuwa wameshaingia mkataba wa kununua nyumba jirani naye kwa dola 2,849,000 na mauzo yalikuwa bado hayajafungwa, mauaji yakatokea katikati hapo. Wakataka kujitoa, wakili akawaambia mkijitoa mtadaiwa, basi wakafunga mwisho wa mwezi huo huo wakaingia kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa na jirani maarufu kuliko wote Marekani.

Wakati wa kufaili ritani ya 1994 mhasibu wao akaongea na madalali, wakamwambia nyumba za pale zimeshuka kama asilimia 30 mpaka 40. Akachukua 30, akaizidisha na bei ya kununulia ikaja 854,700, akatoa yale makato ya sheria, ikabaki 751,427, akaiandika kama hasara ya janga. IRS wakaikataa, wakawadai kodi ya dola 291,931 na juu yake faini ya 58,386. Wakaenda Mahakama ya Kodi, hukumu ikatoka mwaka 2000, ukitaka kuitafuta ni T.C. Memo. 2000-33. Wakashindwa.

Sasa kwa nini walishindwa? Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa swali lako.

Sheria yenyewe, kifungu cha 165, inasema mtu binafsi anaweza kukata hasara ya mali yake iliyotokana na moto, dhoruba, kuvunjika kwa meli, au janga lingine, au wizi. Hayo maneno "janga lingine" ndo watu wote wanataka kupenyea, kila mtu ana janga lake. Mahakama kwa miaka mingi zimesema hilo janga lingine lazima lifanane na wenzake watatu waliotangulia, yaani liwe la ghafla, lisilotarajiwa, lisilo la kawaida, na liwe limeiumiza mali yenyewe kwa mwili. Mchwa wakila nyumba yako miaka mitano huwezi kukata, kwa sababu mchwa hawana ghafla. Lakini kuna bwana mmoja alifunga mlango wa gari ukabana mkono wa mkewe, almasi ikachomoka kwenye pete ikapotea, mahakama mwaka 1967 ikakubali kwamba hiyo ni hasara ya janga. Na mwingine mwaka mmoja kabla ya hapo, mkewe aliloweka pete kwenye glasi ya amonia (dawa ya kusafishia), yeye akijua ni maji machafu akamwaga kwenye sinki lenye mashine ya kusaga taka, pete ikasagwa, ikakubaliwa pia. (Sijui hizo ndoa zilisalimika.) Unaona lakini tofauti yake, pete ilipigwa, kitu kiliguswa. Nyumba yako wewe haijaguswa, hata kigae hakijadondoka.

Kwenye ile kesi ya Brentwood mahakama iliona mambo mawili. La kwanza, kilichowaumiza sio mauaji yenyewe bali ni umati na makamera yaliyoendelea siku baada ya siku, miezi na miezi, na kitu cha kuendelea hivyo sio cha ghafla. La pili, hakuna uharibifu wa mwili kwenye nyumba, kilichoshuka ni hamu ya wanunuzi tu, na hamu inarudi. Na kweli ikarudi, nyumba kadhaa za eneo lile zilikarabatiwa au kujengwa upya kwa pesa nyingi, na mtu hamwagi zege la mamilioni kwenye mtaa ambao anaamini umekufa. Simpson mwenyewe aliipoteza nyumba yake 1997, ikabomolewa 1998, na Brentwood leo sio mahali pa kwenda kutafuta nyumba ya bei rahisi.

Msimamo huo haukuanza kwa Simpson. California hiyo hiyo, mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilikuwa na watu ambao maporomoko ya udongo yalibomoa nyumba tatu karibu nao, ya kwao ikabaki nzima, ila nani atanunua nyumba hapo? Wakaomba wakate ile hofu ya wanunuzi. Mahakama ikasema sheria hailipi hofu, ingeruhusu hilo kila mtu angekuja na chake, mara uwanja wa ndege umesogea, mara kiwanda kimefungwa.

Kuna kesi moja inayokwenda upande wa mwananchi ambayo nadhani huyo jamaa yenu kaisikia nusu nusu, maana hawa watu huwa wanasikia nusu nusu. Ni ya Mobile, Alabama, ilitoka Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi na Moja mwaka 1986. Mafuriko yaliingia mtaani, na baadaye serikali ikazibomoa nyumba 7 kati ya 12 na kuacha viwanja wazi. Mtu mmoja aliyebaki akasema bei yangu imeshuka moja kwa moja, majirani hawapo, mtaa sio ule tena, na akakubaliwa. Lakini angalia kilichotokea pale: maji yaliingia ndani kwake, na nyumba za jirani ziliondoka ardhini kwa mwili. Kwako nyumba ya tatu ipo pale pale, ina rangi yake na majani yake, isipokuwa watu wanaipiga picha. Na halafu hizo kesi zote ni za enzi za sheria ya zamani.

Maana mwaka 2017 Kongresi ilibadilisha hiki kitu, na huyo jamaa yenu angekuwa anafungua hata maelekezo ya Fomu 4684 (ile ya kuandikia hasara za majanga) angekiona ukurasa wa kwanza. Kuanzia mwaka wa kodi 2018 hasara ya janga kwa mali ya kuishi haikatwi mpaka janga liwe limetangazwa rasmi na Rais kama janga la taifa, vimbunga na mambo hayo. Watu walitegemea kizuizi kiishe mwisho wa 2025, ikatoka sheria ya Julai 2025 ikakifanya cha kudumu, ikalegeza kidogo tu kwamba kuanzia 2026 na majanga yaliyotangazwa na majimbo yanaweza kuingia. Mauaji ya mtaani hayatangazwi janga na mtu. Kwa hiyo hata ungempata hakimu mwenye huruma kuliko wote, mlango umefungwa kabla hamjafika kwenye mambo ya ghafla na ya mwili.

Na hesabu yake nayo ni ya ajabu. Chukua tuseme sheria ya zamani ingekuwa inafanya kazi na hasara ni ile 48,000 ya nyumba ya jirani (60,000 sijui kaitoa wapi, labda imekaa vizuri mdomoni). Unatoa dola 100, halafu unatoa asilimia 10 ya mapato yenu, mkiwa mnaingiza 140,000 kwa mwaka hiyo ni 14,000, inabaki 33,900. Hiyo 33,900 sio rifandi, ni kipato kinachopunguzwa, hata nikikupa asilimia 22 yote ni kama dola 7,458 tu, na bado uipate pale ambapo makato yenu yote kwa pamoja yanazidi lile punguzo la kawaida ambalo kwa mke na mume mwaka 2025 ni 31,500. Sasa mtu anayekwambia 60,000 inaleta "rifandi kubwa" ama hajui ama anajua.

Naomba niseme kidogo kuhusu hawa watu maana kwenye jamii zetu huku wapo kila mji, mtu wa nyumbani, anaongea vizuri, mnakutana naye kwenye arusi na misiba. Mtu yeyote anayelipwa kukufailia ritani lazima asaini na aweke namba yake ya PTIN (namba ambayo IRS wanampa mtayarishaji wa ritani). Fungua ritani zenu za nyuma uangalie chini ya saini zenu, kama pale kwa mtayarishaji pako wazi, yaani imeonekana kama mmejifailia wenyewe, basi ujue siku IRS wakija yeye hayupo, hajawahi kuwepo. Na kama malipo yake ni asilimia ya rifandi ndo kabisa. Wale wa Brentwood faini yao ya 58,386 ilifutwa, mahakama ikasema kodi mtalipa ila faini hapana, kwa sababu walimtegemea mhasibu aliyesomea, wakampa taarifa zote, na kwenye ritani wakaambatanisha maelezo ya wazi kwamba tumekata hiki kwa sababu hii. Hawakuficha. Nyie mkiandika 60,000 leo, sheria iko wazi kiasi hiki, na aliyewaandikia hajasaini, hiyo faini ya asilimia 20 hamtaikwepa kwa kusema tuliambiwa. Kama mmeshafaili tayari na hilo limo, rekebisheni kwa 1040-X (fomu ya kusahihisha ritani) sasa hivi kabla IRS hawajawaandikia, ukiwahi wewe hiyo faini ya asilimia 20 inakuwa haipo, wakiwahi wao ni maneno mengine.

Haya, mume wako anasema muipangishe. Wazo sio baya ila watu wanadhani nyumba ikishakuwa ya biashara basi hasara yote ya nyuma inakatika, na hapo ndo wanapopigwa. Nyumba ya kuishi ukiiuza kwa hasara huikati, hiyo ipo siku zote, hata huyo jirani yako aliyeuza 262,000 hajapata kitu IRS. Ukiigeuza ya kupangisha, sheria inasema kwa upande wa hasara utaanza kuhesabu kutoka kwenye namba ndogo kati ya mbili, gharama yako au thamani ya soko siku ile ya kugeuza. Yaani mlinunua 310,000, siku mnaipangisha ina thamani ya 265,000, basi hesabu ya hasara inaanzia 265,000. Mkiiuza baadaye 250,000 mnakata 15,000 (naacha pembeni hesabu ya uchakavu, kile kiasi mwenye nyumba ya kupangisha anachokata kila mwaka kwa nyumba kuchakaa, kurahisisha), zile 45,000 za nuksi zimebaki upande wa nyumba ya kuishi na huko hazikatwi. Mkiiuza 290,000 hamna faida wala hasara, mko katikati hewani. Kwa hiyo kupangisha kusitegemee kodi, kutegemee kama pango linalipa mogeji, bima na kodi ya nyumba, na mpangaji atapatikana kwa bei gani kwenye mtaa huo, ambalo mimi wa kodi siwezi kulijibu, ulizeni madalali wawili watatu. Mkiamua hivyo, lipieni mthamini mwenye leseni aandike thamani ya siku hiyo, maana uchakavu nao unahesabiwa kutoka namba hiyo ndogo, na miaka sita mbele hakuna atakayekumbuka soko lilikuwaje.

Na kingine mume wako akumbuke, mkiiondoa kwenye kuishi mnapoteza ule msamaha wa homestedi wa Texas (punguzo la kodi ya nyumba kwa anayeishi humo mwenyewe), na saa ya ile faida ya 500,000 isiyotozwa kodi kwa mke na mume inaanza kuhesabika, kwa sababu lazima muwe mmeishi humo miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza. Leo inaonekana faida haipo, ndio, ila Houston ni Houston.

Sasa twende kule nilikokwambia hoja yako inasikilizwa: kaunti.

Hapa kuna kitu nataka ukielewe vizuri. IRS wanauliza nyumba imefanywa nini. Kaunti wanauliza mnunuzi angetoa ngapi. Ni maswali mawili tofauti kabisa. Kwa IRS maneno ya watu, magari ya wikiendi, podikasti, vyote hivyo ni upepo. Kwa kaunti hivyo hivyo ndo ushahidi, kwa sababu kodi ya nyumba ya Texas inapigwa kwenye thamani ya soko ya tarehe 1 Januari, na soko ni watu, na watu wanaogopa. Na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo wanakulia kwenye nyumba, rate zote zikijumlishwa, kaunti, shule, jiji, sehemu nyingi inacheza asilimia 2 na kitu. Hapo ndo pa kupigania, sio Washington.

Kama uko Harris County ofisi inayothamini nyumba inaitwa Harris Central Appraisal District, watu wanaiita HCAD tu. Mwezi wa nne hivi wanatuma notisi ya thamani. Una mpaka tarehe 15 Mei au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ile inayokuja mwisho, kupinga. Unapinga mwenyewe bure, kwa mtandao, huhitaji wakili. Weka tiki kwenye sababu zote mbili: thamani ya soko iko juu, na nyumba yangu imethaminiwa juu kuliko zinazofanana nayo. Kuna kampuni zitakufanyia kwa asilimia ya kile utakachookoa, sio wezi, ila kesi yako ina stori yake na wao wanapeleka nyumba mia kwa mpigo, stori yako itapotea humo.

Kabla hujafanya chochote angalia kwenye notisi namba mbili. Iko thamani ya soko, na iko ile wanayoiita "appraised", ambayo kwa mwenye homestedi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wengi hawajui kodi inapigwa kwenye hiyo ya pili baada ya kutoa misamaha. Tuseme soko wameandika 340,000 na ya pili 318,000. Ukienda ukapigana ukashusha soko mpaka 325,000, umetoka na tabasamu, umepiga picha, na hujaokoa hata senti, kwa sababu bado uko juu ya 318,000. Lazima ushuke chini ya hapo, na kila 10,000 chini ya hapo kwa asilimia 2 ni dola 200 kwa mwaka. Kwako mlionunua 2021 na bei zilivyoruka 2022, pengo hilo linaweza kuwepo, angalia kwanza. Na kama homestedi hamjawahi kuiomba, acha kila kitu uende ukaombe leo, maana msamaha wa shule peke yake sasa ni 140,000, hiyo ni pesa kuliko nuksi yote ya mtaa.

Ushahidi wa nuksi unaukusanya hivi. Nyumba ya jirani iliyouzwa 262,000 ni dhahabu, lakini Texas hakuna sheria ya kulazimisha bei ya mauzo itangazwe serikalini, kwa hiyo kaunti wanaweza wasijue, na wakijua watasema ile ilikuwa ya haraka. Mtafute jirani mwenyewe kabla hajapotea, au aliyenunua, muombe nakala ya karatasi ya mwisho ya mauzo, nenda na chapati mdogo wangu, watu hawamnyimi mtu mwenye chapati. Halafu mpate dalali wenu akutolee kwenye mfumo wao nyumba zote zilizouzwa mtaani kwenu na mitaa miwili mitatu ya mbali kidogo yenye nyumba za umri na ukubwa ule ule, miezi kumi na mbili kabla ya tukio na baada ya tukio mpaka tarehe 1 Januari na miezi michache ya karibu yake. Unachotafuta ni tofauti: kama kule mbali bei zimesimama na kwenu zimeshuka, hiyo tofauti ndo doa lenyewe. Kama kote zimeshuka sawa basi sio mauaji, ni soko, lakini bado unashusha, kaunti hawajali imeshuka kwa sababu gani. Ongeza siku ngapi nyumba za kwenu zimekaa sokoni, na walioshusha bei mara ngapi. Picha za magari weka mbili tatu, habari za TV weka moja. Usimpelekee mthamini saa nzima ya podikasti, atakuona umekuja kulia.

Mazungumzo ya kwanza ni ya kawaida na mtu wa ofisi, wengi wanamalizana hapo. Msipokubaliana mnakwenda kwenye ile bodi ya mapitio, mnapewa dakika chache tu, kwa hiyo andaa ukurasa mmoja. Siku 14 kabla ya kikao una haki ya kupewa ushahidi ambao ofisi itautumia dhidi yako, uombe kwa maandishi. Na usiogope kwamba ukienda watakuongezea, bodi hairuhusiwi kuipandisha thamani zaidi ya ile iliyokuja nayo. Ukishindwa hapo kuna siku 60 za kwenda kwenye usuluhishi au mahakamani, lakini kwa nyumba ya laki tatu mahakama haina maana, usuluhishi ndo unaweza kuufikiria.

Jua pia kwamba hii ni ya mwaka mmoja. Mwakani unarudi tena, na mwakani wale wa podikasti watakuwa wamehamia mtaa wa watu wengine, bei itaanza kupanda na kaunti wataiona kabla yako. Kuna ule msamaha wa Texas wa nyumba zilizoathirika na majanga, dada mmoja aliniuliza wiki iliyopita, ule unataka angalau asilimia 15 ya nyumba iharibike kwa mwili na gavana awe ametangaza janga, usipoteze muda nao.

Kule nyumbani mtu jirani akigeuza nyumba yake baa mpaka alfajiri, kiwanja chako Goba kikashuka bei, TRA hawakujui na hukutegemea wakujue. Nadhani ndo maana huku tukisikia kila kitu kinakatwa kwenye kodi tunaamini haraka sana.

Notisi ya HCAD ikifika nitumie picha ya ukurasa wa kwanza, zile namba mbili zionekane, namba ya akaunti na jina uvifunike. Na ile karatasi ya jirani anza kuitafuta wiki hii, akishahamia jimbo lingine na kubadilisha simu humpati tena.